Nilimlipa jirani hela, akaiacha juu ya jiwe: mila za kila siku za watu wa milima ya Andes

Mkulima wa Makete (mwanzisha uzi)

Wakuu, heri ya jioni. Juzi kwenye uzi wa bei za viazi kuna mwenzetu aliandika kwamba kiazi mviringo ni zao la Ulaya. Nikasema huyu namfungulia uzi wake. Ulaya ni kituo tu cha njiani. Mwenye kiazi yuko Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes, na amekilima maelfu ya miaka kabla meli ya Ulaya haijatia nanga kule. Mimi nimekaa na wenyewe msimu mzima wa mavuno, nilipokwenda kwa mafunzo ya mbegu, kwenye kijiji kimoja cha Wakechua juu ya mji wa Pisac, mkoa wa Cusco, nchini Peru. Nitaandika kwa vipande, natumia simu na umeme wa huku mnaujua.

Nianze na aibu yangu kwanza.

Nilipewa kishamba cha majaribio, mistari michache tu. Siku ya kuvuna mwenzangu alikuwa amelala, kichwa kinampasuka kwa mwinuko. Tulikuwa mita 3,800 na zaidi, mahali ambapo ukiinama kufunga kamba za viatu unainuka unahema. Nikaanza kuchimba peke yangu. Mara jirani huyo, na jembe lake begani, mkewe nyuma, vijana wawili nyuma ya mkewe. Sikumwita. Hatukupatana kitu. Tulichimba mpaka jua likazama. Nami kwa akili ya mjini nikatoa noti nne za soli 50, noti moja kwa kila mtu, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofundishwa na bibi yangu.

Akazitazama. Akazikunja, akaziweka juu ya ukuta wa mawe pembeni ya shamba, akaokota kijiwe akazibana zisipeperuke. Akaita mkewe, wakaondoka.

Mama mwenyeji wangu aliposikia alishika kichwa. Yeye husema Kikechua, kijana wake ndiye alikuwa akinigeuzia kwa Kihispania. Akasema: "Umemlipa kama kibarua wa stendi. Sasa hana sababu ya kuja kesho, na wewe huna sababu ya kwenda kwake."

Kitu alichokuja kunipa yule mzee kinaitwa ayni. Leo mimi siku nzima kwako, kesho wewe siku nzima kwangu, kazi kwa kazi ya namna ileile. Si msaada, wala si ujira. Ni deni ambalo watu wanataka liendelee kuwepo, maana likifa na ujirani umekufa. Nilichofanya mimi ni kuliua deni kabla halijazaliwa, na kwa noti.

Naja na kipande cha pili.

Chonjo

Siti ya mbele kabisa. Swali moja tu mkuu: zile hela za kwenye jiwe nani alichukua?

Mzee wa Ugweno

Mwanangu, hilo si geni. Sisi Wapare tuna msaragambo tangu enzi za babu zetu. Ikipigwa mbiu unatoka na jembe, mfereji unazibuliwa, barabara inachongwa, asiyetokea anatozwa. Naona hao ni ndugu zetu waliopotelea ng'ambo ya bahari.

Mkulima wa Makete

Shikamoo mzee wangu. Umenigusia jambo nililotaka kulitenganisha, maana hata mimi mwanzo nilichanganya. Kule kuna vitu viwili. Ayni ni kati ya nyumba na nyumba, mtu na mtu. Msaragambo wenu unafanana zaidi na minka (wa Ekuado wanasema minga, na Peru siku hizi wengi wanasema faena). Hiyo ni ya jamii nzima, ambayo wao wanaiita ayllu. Kiongozi anapuliza pututu, kombe la baharini au pembe ya ng'ombe, na kila nyumba inatoa mtu wa kusafisha mifereji au kukarabati shule. Kuna daftari, jina lako linasomwa, na usipofika unalipa faini kama kwenu.

Minka kubwa kuliko zote nilizoona ni ya daraja la Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac, wilaya ya Quehue. Wakuu, daraja hili ni la nyasi. Lina urefu wa mita 28 hivi, linaning'inia juu ya korongo, na kila mwaka mwezi wa Juni jamii nne (Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue) zinalikata la zamani, linaanguka mtoni, kisha zinasuka jipya kwa siku tatu. Ya nne ni ngoma.

Nilienda kuangalia. Kila nyumba inakuja na kamba yake ya majani makavu ya mlimani, majani magumu yanayochoma vidole, yamelowekwa na kupondwa kwa jiwe mpaka yalainike. Wanawake wanakaa juu ya kilima wanasokota kamba nyembamba kati ya viganja, haraka mno hata huoni kiganja kipi kinakwenda mbele. Wanaume wanazipanga zile nyembamba kuwa nene, nene kuwa nene zaidi, mpaka inapatikana kamba ya unene wa paja, halafu inavutwa kutoka ng'ambo hii na ile, watu wanapiga kelele kama wanavuta jarife la samaki. Mafundi wawili wanakaa juu ya kamba, miguu inaning'inia hewani, wanasuka kuta za pembeni wakielekea katikati, mmoja kutoka kila upande.

Na hapo karibu kuna daraja la chuma, gari linapita. Hawalihitaji lile la nyasi kwa kuvukia. UNESCO waliliandika kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Mwaka 2020 korona ikazuia kazi, na Machi 2021 likakatika likadondoka. Juni hiyohiyo wakasuka lingine.

Hoja Nzito

Mkuu unatupambia mambo. Kila anayerudi kutoka kwa "watu wa asili" anakuja na hadithi za upendo na ushirikiano. Hao watu wametumikishwa bure na matajiri karne kwa karne, na hayo mambo yenu ya minka ndiyo yalitumika kuwatumikisha. Mbona hilo huandiki?

Mkulima wa Makete

Nilikuwa nakuja huko, na uko sahihi kuliko unavyodhani. Dola ya Inka ilikuwa na mit'a, zamu ya kazi ya serikali. Wahispania walipoishika nchi, miaka ya 1570 wakaichukua mit'a hiyohiyo, jina lilelile, wakaigeuza kuwa zamu ya kushuka kwenye migodi ya fedha ya Potosí, Bolivia ya leo. Watu wengi hawakurudi. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya mabwana, ambako mkulima alifanya kazi siku kadhaa za wiki bila malipo ili aruhusiwe kulima kipande chake. Bolivia ilivunja mfumo huo kwa sheria ya ardhi ya 1953, Peru mwaka 1969. Maana yake wazee niliokaa nao walizaliwa chini ya bwana. Mama mwenyeji alinionyesha kwa kidole nyumba ya bwana, imebaki kuta, mbuzi wanalala humo.

Kwa hiyo mtu wa kule anajua vizuri tofauti ya kazi ya deni na kazi ya bure. Ndiyo maana wanahesabu. Usidhani ayni ni roho nzuri tu, wanakumbuka nani alikuja nusu siku na nani alituma mtoto badala ya kuja mwenyewe. Kuna kaka wawili pale kijijini hawasemeshani kwa sababu ya siku moja ya kufyatua matofali ya udongo.

Mama Kitchen Party

Jamani si ndiyo michango ya harusi hiyo! Daftari langu la tangu 2011 ninalo kabatini. Aliyenichangia laki namrudishia laki, na aliyekula sahani yangu bila kadi namjua kwa jina.

Mkulima wa Makete

Dada yangu umeua. Kwa Waaymara, upande wa Puno na Bolivia, ni hivyo hivyo neno kwa neno. Kwenye sherehe mtu anakuja na kreti za bia, zinapokewa kwa shangwe, na pembeni kuna mtu na daftari anaandika: fulani, kreti sita. Siku ya fulani huyo, unapeleka sita. Nao wanaita ayni.

Kijana wa Mbagala

Mkuu na yale majani ya unga? Wanakula kweli?

Mkulima wa Makete

Majani ya koka. Kaa nikueleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Jani bichi la koka si unga. Kile kiini cha unga (kokeini) kwa kawaida kimo chini ya asilimia moja ya jani kavu, na kukitoa kunahitaji kemikali na maabara. Wao wanaliweka shavuni, wananyonya polepole, linatia nguvu kidogo, linakata njaa na baridi, kama kikombe cha kahawa kali. Pembeni wanauma kipande cha llipta, majivu ya mabua ya kinoa (nafaka ya kule) yaliyofinyangwa kama sabuni na kukaushwa. Bila majivu jani halifanyi kazi sawasawa.

Lakini kilichonishika si ladha, ni adabu yake. Huli koka kama unavyokula karanga. Mzee anafungua kitambaa magotini, anachagua majani matatu mazima, yasiyo na tundu, anayapanga kama kipepeo kati ya vidole. Hiyo inaitwa k'intu. Anaileta karibu na midomo, anapuliza taratibu kuelekea milimani, anataja majina ya milima, ule mkubwa wa Ausangate (mita 6,384) kwanza, kisha vilima vya jirani, kisha ardhi ya shamba hilo mlilokalia. Halafu anakupa. Unapokea kwa mikono miwili na kusema *urpillay sonqollay*, njiwa wangu, moyo wangu, ndiyo "asante" yao. Nawe unamtengenezea k'intu yake, unarudisha. Hakuna anayeanza kazi kabla ya hapo. Hata jani, ukipewa, unarudisha jani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulitaka kutafuna koka kukomeshwe ndani ya miaka 25. Bolivia ikajitoa kwenye mkataba, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti kwamba wananchi wake watafune majani yao kwa amani. Ila nawaambia wasafiri, usitie hata jani moja kwenye begi la kurudi nyumbani. Hapo uwanja wa ndege hautaeleza habari za njiwa na moyo ukaeleweka.

Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu, mnashangaa nini? Bibi zetu walikuwa na kijaluba cha tambuu: jani la tambuu, popoo, na chokaa kidogo ya kupaka. Chokaa ndiyo majivu ya hao. Bila chokaa tambuu ni majani ya mbuzi. Na mgeni akija, kabla hujamuuliza shida yake, unamtengenezea tambuu, unampa. Ukimpa kwa mkono wa kushoto maneno yanafika mtaa wa pili.

Mkulima wa Makete

Bi Mkubwa, shikamoo. Ningekujua mapema ningekuuliza kabla ya safari, nisingeaibika.

Kamaa wa Kinangop

Wueh, hii uzi ni tamu. Lakini rudi kwa viazi bwana. Huku Kinangop tukivuna sote wakati mmoja bei inaanguka, na Shangi, aina yetu ya kiazi, ukiiweka stoo hata mwezi haimalizi, imeshachipua. Hao watu wa Andes huweka viazi vyao wapi?

Mkulima wa Makete

Kaka, hili ndilo lililonipeleka kule, na nitakaa hapa kidogo.

Wanavigandisha. Bila friji. Kinachotoka kinaitwa chuño, na kinakaa stoo miaka.

Iko hivi. Juni na Julai kule ni kiangazi cha baridi. Mchana jua linachoma ngozi, usiku joto linashuka chini ya sifuri. Wanachukua viazi vidogo, hasa vile vichungu vya juu kabisa ambavyo ukivipika hivihivi vinakudhuru, wanavitandaza kwenye nyasi bapa, kimoja kimoja, visilaliane. Usiku vinaganda vinakuwa mawe. Mchana vinayeyuka vinakuwa laini kama nyanya iliyoiva mno. Baada ya siku tatu nne wanavikusanya vilima vidogo, na hapo ndipo nilipolipa deni langu.

Maana mama mwenyeji alinipangia. Akaniambia usiende na maneno, nenda na miguu. Alfajiri ya pili baada ya kisa cha noti nilikwenda kwenye uwanda wa jirani, nimebeba koka na chupa. Sikusema kitu, nikampa k'intu niliyoipanga vibaya, jani moja limechanika. Akalitazama lile jani, akacheka, akapokea. Akanionyesha kilima cha viazi. Nikavua viatu.

Wakuu, unakanyaga viazi vilivyoganda vinapoanza kuyeyuka, kwa miguu mitupu, jua halijapanda sana. Unajizungusha kwa visigino, kama anayezima sigareti, maji yanaruka kati ya vidole, maganda yanachubuka. Dakika ya kwanza unahisi unakanyaga misumari. Ya tano huhisi miguu kabisa. Mkewe alikuwa kilima cha pembeni, sketi nne, moja juu ya nyingine, anakanyaga huku anasimulia kitu na kucheka, na mimi ndiye nilikuwa kitu chenyewe. Tulikanyaga siku mbili. Kisha viazi vikaachwa juani mpaka vikawa vyeusi, vyepesi kama kokoto za pumisi. Kile cheupe, wanachokiita tunta au moraya, kinazamishwa kwanza mtoni wiki kadhaa kabla ya kukaushwa.

Jioni ya siku ya pili yule mzee aliniita *wayqey*. Kijana akaniambia maana yake ni ndugu yangu, lakini wa kiume kwa wa kiume tu. Dada kwa dada ni ñañay, mwanaume akimwita dada yake ni panay, dada akimwita kaka yake ni turay.

Bi Mkubwa wa Tanga

Nasi tulikuwa nalo: umbu. Mwanamume dada yake ni umbu lake. Vijana mmeliacha, kila mtu sasa ni "bro" na "sista".

Kamaa wa Kinangop

Sasa hii chuño inaweza toboa Kinangop? Baridi tuko nayo.

Mkulima wa Makete

Nilijaribu nyumbani, kaka. Makete karibu na Kitulo barafu huanguka Juni na Julai, nyasi zinakuwa nyeupe. Nikatandaza debe mbili. Usiku wa kwanza, sawa. Wa pili mawingu, hakuna barafu. Wa tatu ng'ombe wa shemeji yangu. Unahitaji usiku mkavu wenye barafu mfululizo na jua kali mchana, na sisi huku tunapata kimoja kwa kubahatisha. Wewe pigania mbegu inayokaa zaidi kabla ya kuchipua, kuna kituo cha kimataifa cha viazi ambacho makao yake ni Lima tangu 1971, na ofisi wanayo Nairobi. Wanahifadhi aina za viazi za Andes kwa maelfu.

Kuna kiazi kimoja, mtaniuliza picha sina. Kina mabonde na vinundu kama koni ya msonobari. Jina lake *qhachun waqachi*, anayemliza mkamwana. Binti anayeolewa anapewa na mama mkwe akimenye, ganda litoke jembamba na vinundu visiondoke. Nilipewa mimi nikamenya. Kilichobaki kilikuwa saizi ya gololi. Mama mwenyeji akasema bahati nzuri mimi si binti, kijana wake asingenioa.

Mama Kitchen Party

😂😂 Hiki kiazi nakitaka kwenye kitchen party ya mwezi ujao.

Mtoto wa Kadutu

Jambo wandugu. Mimi ni wa Bukavu. Nimesikia watu wa Peru wanakula simbilisi. Sisi huku Kivu tunawafuga ndani ya nyumba, wanakimbia chini ya kitanda, tunawakula. Watu wa Kinshasa wanatucheka. Ni kweli walitoka huko?

Mkulima wa Makete

Ni kweli ndugu yangu, simbilisi ni wa Andes, wamefugwa huko tangu kale. Wenyewe wanamwita *quwi*, kwa sauti yake. Jikoni kwa mama mwenyeji walikuwa zaidi ya ishirini, wanazunguka jiko la udongo, ukiwatupia majani wanapiga kelele kama milango inayohitaji mafuta. Si chakula cha kila siku, ni cha sikukuu na cha mgeni. Waganga pia wanampitisha simbilisi mwilini mwa mgonjwa kisha wanampasua wasome ugonjwa. Kwenye kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa karne ya 18, na kwenye sahani mbele ya Yesu kuna mnyama amelala chali, miguu juu. Wenyeji wanasema ni simbilisi. Kwa hiyo waambie wa Kinshasa mko kwenye meza nzuri.

Mtumishi 77

Bwana Yesu asifiwe. Mwanzisha uzi, naona unapamba ibada za milima na mizimu. Kupulizia milima na kuomba ardhi ni ushirikina, tuuite kwa jina lake.

Mkulima wa Makete

Amen mtumishi. Mimi ni Mlutheri, sikuja kubishana, nakueleza nilichoona. Hawa watu wengi wamebatizwa, na Jumapili wanakwenda misa. Lakini kabla ya kunywa mtu anamwaga tone chini kwanza, "Pachamama, Mama Ardhi, nawe". Mwezi wa Agosti wanasema ardhi imefungua kinywa, ina njaa, kabla ya kuilima lazima ilishwe. Wanaandaa furushi juu ya karatasi: koka, mahindi, peremende za rangi, mafuta ya llama (mnyama wa kufugwa wa kule, jamaa ya ngamia), sufi ya rangi, wakati mwingine kijusi cha llama kilichokauka, wanachoma au kuzika. Nyumba mpya zinafukiwa kitu hicho kwenye msingi, hata za ghorofa pale La Paz. Juu ya paa Cusco utaona ng'ombe wawili wa udongo wamesimama na msalaba katikati yao. Ukiwauliza kipi ni cha kanisa na kipi cha babu wanakushangaa.

Mimi nilielewa hivi: wamechukua mwaka mzima kutoka ardhini, sasa ni zamu ya ardhi. Ni ayni na shamba. Hata wanavyolima wanalirudishia. Kipande kikishatoa viazi mwaka huu, mwakani ni oka (zao jingine la mizizi la kule) au shayiri, halafu kinalala miaka kadhaa bila kuguswa, na ni kijiji kizima kinaamua kipande gani kilale, si mtu mmoja.

Na kuna hili la kusikitisha. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Ekaristi maelfu wanapanda kwenye hija ya Qoyllurit'i chini ya barafu za Sinakara. Wanaume waliovaa kama dubu walikuwa wanapanda usiku kwenye barafu yenyewe, wanakata mabonge, wanayabeba mgongoni alfajiri, maji yake yakawa dawa na baraka. Wameacha kukata. Barafu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, wameona si haki kuendelea kuichukua.

Mtumishi 77

Hilo la barafu limenigusa. Sijabadili msimamo.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, na watoto? Mtoto akizaliwa wanafanyaje? Sisi siku ya saba tuna akika, nywele zinanyolewa.

Mkulima wa Makete

Wao wanachelewa Bi Mkubwa. Nywele za kwanza haziguswi mpaka mtoto ana mwaka, miwili, wengine hata zaidi. Siku ikifika ni *rutuchikuy*. Nywele zinafungwa vifundo vifundo kwa utepe. Baba wa ubatizo anashika mkasi, anakata kifundo cha kwanza, anakiweka kwenye sahani na juu yake noti, au anatamka mbele ya watu "kondoo jike mmoja". Kisha sahani inazunguka, kila mgeni kifundo chake na ahadi yake. Mtoto anaamka ana upara na mifugo. Niliyeshuhudia alilia mpaka kifundo cha tatu, halafu akalala na mkasi unaendelea.

Nami nilikata. Nikaahidi kondoo. Mama mwenyeji akanikonyeza kwa mshtuko, maana nilikuwa na nauli ya kurudi tu. Nikanunua.

Hoja Nzito

Bado nasimamia hoja yangu. Vijana wao wanakimbilia mjini kama wa kwetu. Ayni itakufa.

Mkulima wa Makete

Wanakimbia kweli. Kijana mtafsiri wangu sasa yuko Cusco anaendesha pikipiki ya miguu mitatu. Pale kijijini karibu nusu ya milango ilikuwa na kufuli, na mashamba ya karibu na barabara siku hizi yanalimwa kwa vibarua wa kulipwa. Jirani yangu mwenyewe analipa vibarua kwenye shayiri anayouza. Kwenye viazi vya kula hataki. Nilimuuliza kwa nini, akasema kibarua hachagui mbegu, anajaza gunia tu.

Chonjo

Mkuu nimesoma uzi wote, maji ya betri yameisha, sijajibiwa. Hela za kwenye jiwe?

Mkulima wa Makete

😂 Haya Chonjo. Zilikaa pale siku nzima na usiku wake. Watu walipita, watoto walipita na kondoo, hakuna aliyegusa. Usiku huo mama mwenyeji akanituma nizifuate kwa tochi, akachukua noti moja, akamtuma kijana dukani: koka, na chupa ya pombe ya miwa. Ndiyo ile chupa niliyobeba alfajiri kwenda kukanyaga chuño. Noti tatu zikarudi mfukoni, zikaja kununua yule kondoo.

Chonjo

Kwa hiyo mmemalizana na jirani?

Mkulima wa Makete

Hatukumalizana. Yeye watu wanne siku moja, mimi mtu mmoja siku mbili, kwa hiyo alikuwa bado ananidai siku mbili. Nikamwambia siku ya kuondoka. Akasema hapana, akaniletea gunia dogo la chuño na kofia ya sufi aliyofuma mwenyewe, ya masikio, ili nisiwe na njia ya kuhesabu. Kila Juni ananitumia ujumbe wa sauti, upepo unavuma nyuma, anauliza neno moja: *hayk'aq?* Lini?